Otto Klemperer, Mkubwa wa Nyumba ya Opera

Mseminari anayesoma historia ya Ulaya katika karne ya 20 anakutana na jina la Kroll mahali pawili. Mara ya kwanza ni katika mabuku ya muziki. Humo anasoma kwamba katika mji wa Berlin, tangu mwaka 1927 hata 1931, ilikuwako nyumba ya opera iliyoitwa Kroll, na mkubwa wake alikuwa Otto Klemperer, Myuda aliyebatizwa katika Eklezia Katolika. Mara ya pili ni katika mabuku ya siasa. Humo anasoma kwamba tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1933, ndani ya nyumba ileile, wajumbe wa taifa walimpa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila wao, na kwamba chama cha Wakatolika, kikiongozwa na padri, kilikubali pamoja na wengine. Watu wengi wanajua kisa kimoja tu kati ya hivyo viwili. Sisi tunataka kuviweka pamoja, kwa kuwa mtu yule aliyefanya kazi katika nyumba ile alikuwa ndugu yetu katika ubatizo, na mambo yaliyompata yanatuhusu.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo watu hawasemi maneno, wanayaimba. Mbele ya jukwaa, katika shimo refu, wanakaa wapigaji wa vyombo: fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma. Juu ya jukwaa wako waimbaji wakubwa, na nyuma yao koro. Nyuma zaidi, mahali watu wasipoona, wako maseremala, wapaka rangi, washonaji wa mavazi, watu wa taa. Kwa usiku mmoja wanaweza kuwa watu mia mbili na zaidi, na wote wanangoja mshahara mwisho wa mwezi. Hakuna mji unaoweza kuwalipa kwa feza ya tikiti peke yake. Sasa, mbona Ujerumani ina nyumba za opera nyingi namna ile? Sababu yake ni ya zamani. Hata mwaka 1918 Ujerumani, nchi ya Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, ilikuwa na wafalme na watawala wengi wadogo, na kila mmoja alitaka kuwa na nyumba yake ya michezo, kama vile alivyotaka kuwa na askari wake na farasi zake. Wafalme walipoondoshwa mwezi wa kumi na moja mwaka 1918, nyumba zile hazikufungwa. Serikali na miji zilizirithi. Tangu siku hiyo wajumbe wa bunge waligombana juu ya feza ya opera kama wanavyogombana juu ya barabara na hospitali. Tukumbuke jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Katika nyumba ya namna hiyo wako wakubwa wawili. Mmoja anaitwa intendanti: yeye anashika feza, anaandika watu kazi, anachagua michezo. Wa pili anaitwa kapelmesta: yeye anaongoza muziki. Mara nyingi hawapatani. Ni kama prokureri na mwalimu wa nyimbo katika seminari: mmoja anahesabu mishumaa, mwingine anataka misa kubwa kila Dominika.

Otto Klemperer alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 1885 katika mji wa Breslau, ambao leo uko katika nchi ya Polandi na unaitwa Wrocław. Wazazi wake walikuwa Wayuda. Alipokuwa na miaka minne walihamia Hamburg. Mama yake alipiga piano vizuri, naye ndiye aliyemfundisha kwanza. Kisha akasoma muziki Frankfurt na Berlin. Alikuwa mrefu mno, karibu na metre mbili, na wale waliomwona akisimama mbele ya orkestra hawakumsahau.

Mwaka 1905, huko Berlin, walikuwa wakitengeneza Simfonia ya Pili ya Gustav Mahler. Katika muziki huo liko kundi dogo la wapigaji wanaopiga mbali, nje ya chumba, kana kwamba sauti inatoka ng’ambo ya dunia. Kijana Klemperer aliwekwa kuongoza kundi lile. Mahler mwenyewe alifika kusikiliza. Baadaye, mwaka 1907, Klemperer alimfuata mpaka Vienna, akampigia kwa piano, bila kitabu, sehemu moja ya simfonia ile. Mahler akachukua karatasi ndogo akaandika maneno machache ya kumsifu. Kwa karatasi ile Klemperer alipata kazi yake ya kwanza ya opera, katika nyumba ya Wadachi ya mji wa Praha. Wanasema aliitunza karatasi hiyo maisha yake yote.

Hapa inafaa kusema neno juu ya Mahler. Yeye pia alizaliwa Myuda, naye pia alibatizwa katika Eklezia Katolika, mwezi wa pili mwaka 1897. Lakini miezi michache baadaye aliwekwa kuwa mkubwa wa opera ya kaisari huko Vienna, na kila mtu alijua kwamba Myuda asiyebatizwa hangepewa cheo kile. Wayuda wengi wa siku zile walipita mlango huo. Tusiwacheke upesi. Nani aliutengeneza mlango? Ni wakristu walioweka sheria kwamba mtu atapata mkate wake akipita katika maji ya batizo. Sakramenti ikawa kama kitabulisho cha kuonyesha kwa askari. Ninyi makatekista mnajua hatari hiyo kuliko mtu mwingine, kwa sababu mmekwisha kuona wakatekumeni waliokuja kwa ajili ya shule au kwa ajili ya kazi.

Kutoka Praha Klemperer alipanda ngazi kama vile vijana wote wa kazi hiyo: mji mmoja miaka miwili, mji mwingine miaka mitatu. Mwaka 1910 alikwenda Hamburg. Huko aliangukia katika kisa kibaya pamoja na mke wa mtu, mwimbaji wa nyumba ileile. Bwana wa yule mwanamke akaja kumpiga mbele ya watu wote, na Klemperer akaondoka kwa haya. Kisha Barmen mwaka 1913, na Strassburg mwaka 1914, chini ya Hans Pfitzner. Tangu ujana wake alikuwa na ugonjwa wa roho ambao waganga wanaujua vizuri: kwa miezi mtu anawaka moto, hapati usingizi, anasema bila kituo, anaanza mambo kumi kwa siku moja; halafu kwa miezi mingine anazimika kabisa, hataki kutoka kitandani. Ugonjwa huo ulimfuata hata uzee. Mwandishi anayesimulia mambo yake bila kuutaja anamsingizia: yako matendo yake mengi ambayo hatuwezi kuyapima sawasawa tusipoukumbuka.

Mwaka 1917 aliitwa Köln. Nyumba ya opera ya mji ule ilikuwa kubwa, na mji wenyewe, kama mnavyojua, ni mji wa Wakatolika, wenye katedrali ambayo minara yake inaonekana toka mbali. Vita ilikuwa haijaisha. Watu walikuwa na njaa. Klemperer alikaa huko miaka saba, na humo ndimo yalimofanyika mambo mawili makubwa ya maisha yake: mwaka 1919 alibatizwa, na mwaka uleule alioa. Mke wake, Johanna Geisler, alikuwa mwimbaji wa nyumba ileile. Alikuwa Mprotestanti, naye pia akaingia Eklezia Katolika. Walizaa mvulana, Werner, mwaka 1920, na msichana, Lotte, mwaka 1923.

Linganisheni sasa na Mahler. Klemperer alipobatizwa alikwisha kuwa na cheo chake tangu miaka miwili. Wafalme walikwisha ondoka, na sheria mpya ya mwaka 1919 haikumwuliza mtu dini yake kabla ya kumpa kazi. Ubatizo haukumwongezea hata franka moja. Kinyume chake, ulimtenga na watu wa kwao, na maadui wa Wayuda hawakumpenda zaidi kwa ajili yake. Basi, aliutakia nini? Ishara moja tunayo: wakati uleule alitunga Misa kwa koro na orkestra, akaiita Missa sacra. Mtu anayetafuta cheo hafanyi kazi ya namna ile.

Tukumbuke tena hewa ya nchi ile katika miaka ile. Si mbali na Köln iko abasia ya Wabenedikto ya Maria Laach, ambako Abati Ildefons Herwegen na watawa wake walianza kuwarudishia wakristu liturgia, ili wajue wanachosali na kukijibu kwa sauti yao wenyewe. Katika universite ya Köln alianza kufundisha, mwaka 1919, mfilosofu Max Scheler, aliyezaliwa na mama Myuda, naye akawavuta wasomi wengi kuelekea Eklezia. Wengi waliotoka katika vita bila kuamini kitu tena waliona kwamba katika Eklezia liko jambo la kusimama juu yake. Klemperer alikuwa mmoja katika wengi.

Kazi yake ya Köln ilikuwa nzuri. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1920 alionyesha kwa mara ya kwanza opera ya kijana Erich Wolfgang Korngold iitwayo Die tote Stadt, usiku uleule ilipoonyeshwa pia Hamburg. Mwaka 1922 aliwaonyesha Wajerumani kwa mara ya kwanza Káťa Kabanová ya Leoš Janáček. Lakini feza ya nchi ikaanguka. Mwaka 1923 mkate mmoja ulinunuliwa kwa mamilioni na mamiliardi. Klemperer akachoka na mapigano juu ya watu na feza, na mwaka 1924 akaenda Wiesbaden, mji mdogo wa watu matajiri, akakaa miaka mitatu bila makelele mengi.

Sasa tunafika Kroll.

Serikali ya Prusia ilikuwa na nyumba mbili za opera katika Berlin: ile ya zamani ya mfalme, katika njia ya Unter den Linden, na hii ya Kroll, iliyosimama upande wa pili wa uwanja, mbele ya bunge la taifa. Tena mji wenyewe ulikuwa na yake ya tatu. Nyumba ya Kroll ilijengwa mwaka 1844 kwa ajili ya michezo na starehe. Baada ya vita iliyoisha mwaka 1918 ilitengenezwa upya kwa msaada wa chama kikubwa kilichoitwa Volksbühne, maana yake ni jukwaa la watu wote. Wanachama wake walikuwa wafanyakazi, makarani, waalimu. Walilipa kidogo kila mwezi, nao wakapata nafasi za kuketi kwa bei ndogo. Basi opera ya Kroll haikuwa ya watu wenye mavazi meusi na mikufu ya zahabu. Fundi wa vyuma aliweza kuingia na mke wake.

Mwaka 1927 Klemperer alipewa nyumba hiyo kwa mkataba wa miaka kumi. Alikuwa mkubwa wa nyumba na mkubwa wa muziki pamoja, vile vyeo viwili tulivyovisema. Alipokwisha kupita mwaka mmoja tu aliuacha ukubwa wa nyumba, kwa sababu barua na hesabu zilikula saa za muziki. Ernst Legal akauchukua, na Klemperer akabaki na orkestra yake. Lakini roho ya nyumba ilibaki yake.

Alitaka nini? Katika nyumba nyingi za wakati ule walicheza michezo hamsini au sitini kwa mwaka, kila usiku mwingine, na matengenezo kidogo. Mwimbaji mkubwa alifika kwa treni saa kumi, akavaa mavazi yake mwenyewe aliyoyaleta katika sanduku, akaimba, akaondoka. Klemperer akasema hapana. Michezo michache, matengenezo ya majuma mengi, hakuna mwimbaji aliye juu ya wenzake, na kila kitu, muziki, mwendo, taa, ukuta wa jukwaa, kitumikie maana ya mchezo. Mchoraji Ewald Dülberg akamtengenezea majukwaa yasiyo na mapambo: ngazi, kuta, mwangaza. Waliozoea miti ya karatasi na mahekalu ya mbao walikasirika.

Aliifungua kazi yake tarehe 19 mwezi wa kumi na moja mwaka 1927 kwa Fidelio ya Beethoven. Ni kisa cha mke anayevaa mavazi ya kiume ili aingie katika gereza na kumwokoa mume wake aliyefungwa bila hukumu. Liko ndani yake tendo moja ambalo halisahauliki: wafungwa wanatolewa nje kwa saa moja tu, nao wanaimba polepole, kwa hofu, macho yao hayajazoea jua. Si opera ya kanisa, lakini anayeisikia anaelewa zaburi nyingi.

Tarehe 25 mwezi wa pili mwaka 1928 alionyesha Oedipus Rex ya Igor Stravinsky. Waseminari watapenda kusikia jambo moja hapa: opera hiyo inaimbwa kwa kilatini. Stravinsky alitaka lugha isiyo ya sokoni, lugha iliyosimama kama jiwe. Maneno yaliandikwa kwa kifaransa na Jean Cocteau, na aliyeyatafsiri katika kilatini alikuwa kijana msomi wa Paris, jina lake Jean Daniélou. Ndiye yuleyule aliyeingia Shirika la Yezu mwaka 1929, akawa mwalimu mkubwa wa mafundisho ya Mababa wa Eklezia, na mwaka 1969 akafanywa Kadinali. Basi wafanyakazi wa Berlin walikaa katika viti vya bei ndogo wakisikiliza kilatini cha Daniélou, na kwaya ya wanaume ikiimba juu ya tauni inayoua mji.

Mwezi wa kwanza mwaka 1929 ikaja Der fliegende Holländer ya Wagner. Jukwaa halikuwa na pambo, na yule baharia aliyelaaniwa alitokea bila ndevu! Jambo dogo, mtasema. Lakini kwa watu wa chama cha Hitler na rafiki zao Wagner alikuwa karibu kama mtume, na mwenye kumgusa alikuwa adui wa taifa. Walipiga makelele katika magazeti: Myuda anaharibu mali ya Wadachi. Polisi wakalinda nyumba. Hakuna aliyejali kwamba Myuda huyo alikuwa mkatolika tangu miaka kumi. Wala hawakujali kwamba Klemperer aliutumia muziki kama Wagner alivyouandika kwanza, kabla ya kuugeuza.

Pamoja na hayo alionyesha kazi mpya za Hindemith na Schönberg, na mwezi wa tano mwaka 1931 ile ya mwisho ya Janáček, Kutoka Nyumba ya Wafu, kisa cha wafungwa wa Siberia kilichotolewa katika buku la Dostoyevsky. Sio kazi zote zilikuwa nzuri sawasawa. Hindemith katika Neues vom Tage, ya mwaka 1929, alimwonyesha mwanamke akiimba ndani ya bafu, na hapo hata rafiki wa Kroll wangeweza kuuliza kama njaa ya jambo jipya haikuwazidi watu wale.

Halafu feza. Mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka. Ujerumani, iliyoishi kwa deni la Wamerika, ilianguka kuliko wengine. Mamilioni ya watu walikosa kazi. Katika bunge la Prusia wakauliza: nyumba tatu za opera katika mji mmoja, kwa nini? Swali lenyewe halikuwa la uongo. Mtu mwenye watoto wenye njaa hali nyimbo. Lakini mbona wakaifunga ile ya bei ndogo, ile ya wafanyakazi? Waliochukia muziki mpya, waliochukia Wayuda na waliotaka kuhesabu feza walipatana juu ya jambo moja, kila mtu kwa sababu yake. Tarehe 3 mwezi wa saba mwaka 1931 walicheza mara ya mwisho, Figaro ya Mozart, na milango ikafungwa. Klemperer aliishitaki serikali kwa ajili ya mkataba wake wa miaka kumi, akashindwa, akapelekwa katika nyumba ya Unter den Linden.

Nyumba ya Kroll ilikaa tupu. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1933 jengo la bunge la taifa liliungua, na wajumbe wakakosa mahali pa kukutana. Mbele yao, ng’ambo ya uwanja, liko jumba kubwa lenye viti vingi, halina kazi. Wakaingia humo. Meza ya mkubwa wa bunge ikawekwa juu ya jukwaa, mahali waliposimama wafungwa wa Fidelio.

Tarehe 23 mwezi wa tatu Hitler alikuja kuomba sheria ile. Nje na ndani ya jumba walisimama askari wa chama chake, wakitisha. Wajumbe Wakomunisti hawakuwako, walikwisha kufungwa au kukimbia. Kwa sheria ile zilitakiwa sehemu mbili juu ya tatu za sauti, basi sauti za chama cha Wakatolika, kilichoitwa Zentrum, zilikuwa na uzito mkubwa. Mkubwa wa chama alikuwa Monsinyori Ludwig Kaas, padri, mwalimu wa sheria za Eklezia. Hitler alimwahidia mema juu ya shule na juu ya haki za Eklezia, na barua ya kuhakikisha ahadi; barua haikufika. Ndani ya chama wengine walikataa, kati yao Heinrich Brüning aliyekuwa waziri mkuu hata mwaka 1932. Mwishoni walikubali wote pamoja, naye Brüning pamoja nao, ili chama kisipasuke. Sauti 444 zilikubali, 94 zilikataa. Waliokataa walikuwa Wasosialisti peke yao, na mkubwa wao Otto Wels alisimama akasema hapana mbele ya askari wale.

Kaas hakuwa mtu mwovu. Aliogopa vita ya serikali na Eklezia kama ile ya Bismarck, ambayo wazee wake waliiona. Alifikiri ataokoa shule na mapadri. Lakini alitoa kitu ambacho hakikuwa chake: haki ya watu wengine, nao hawakuwamo katika hesabu yake. Mwezi uliofuata alikwenda Roma, hakurudi kukaa katika nchi yake tena. Alikufa mwaka 1952.

Klemperer aliondoka Berlin tarehe 4 mwezi wa nne mwaka 1933. Siku tatu baadaye sheria mpya ilitoka: mtu mwenye babu au bibi mmoja Myuda hawezi kuwa mtumishi wa serikali. Sheria haikuuliza juu ya ubatizo. Hapa ndipo penye shida ambayo mapadri wanapaswa kuifikiri. Kwa muda mrefu wakristu waliwaambia Wayuda: mnakosa imani tu, ingieni mtakuwa ndugu. Sasa serikali ikasema: hata akiingia, damu yake ni ileile. Lilikuwa neno la kuikana sakramenti yenyewe. Wakatolika wa Ujerumani walipaswa kuliitikia kama wanavyoitikia uzushi. Wengine walisema, wengi walinyamaza. Mwezi uleule wa nne mwanamke mmoja alimwandikia Papa Pio XI kumwomba Eklezia isinyamaze. Alikuwa Edith Stein, naye alizaliwa Myuda katika Breslau ileile, miaka sita baada ya Klemperer, akabatizwa mwaka 1922. Mwezi wa kumi mwaka 1933 aliingia Karmeli ya Köln, mji ambamo Klemperer alibatizwa. Tarehe 9 mwezi wa nane mwaka 1942 aliuawa Auschwitz. Papa Yohane Paulo II alimweka katika hesabu ya watakatifu mwaka 1998.

Klemperer alifika Marekani, mke na watoto wakamfuata. Tangu mwaka 1933 hata 1939 aliongoza orkestra ya Los Angeles. Kisha shida zikamwangukia kama Yobu. Mwaka 1939 walimpasua kichwa kwa ajili ya uvimbe karibu na sikio. Akapona, lakini upande wa kuume ukalegea, uso ukapinda, ulimi ukawa mzito. Ugonjwa wa roho ukarudi kwa nguvu. Hakuna orkestra iliyomtaka. Baada ya vita alipata kazi katika opera ya Budapest, mwaka 1947 hata 1950, mpaka serikali ya Wakomunisti ilipoanza kumchagulia muziki. Mwaka 1951 alianguka katika kiwanja cha ndege cha Montréal akavunjika nyonga. Mwaka 1956 mke wake akafa. Mwaka 1958 alilala na kiko chake kinawaka, kitanda kikashika moto, akaungua vibaya sana. Kila mara watu walisema amekwisha, na kila mara alirudi, akiongoza ameketi katika kiti. Huko London alipewa orkestra ya Philharmonia, na mwaka 1961 aliongoza tena Fidelio, katika nyumba ya Covent Garden, akitengeneza muziki na jukwaa pamoja.

Mwaka 1967, mwenye miaka 81, aliondoka katika Eklezia akarudi katika dini ya Wayuda. Mwaka 1970 alipokea uraia wa Israeli.

Tuseme nini? Katika masomo ya teolojia tunafundishwa kwamba ubatizo unatia alama isiyofutika, na mwenye kuacha imani aliyoipokea anaanguka katika kosa zito. Mafundisho hayo ni ya kweli, hatuyageuzi. Lakini asiyejua neno lingine anasema nusu. Konsili la Vatikano, tarehe 28 mwezi wa kumi mwaka 1965, lilifundisha katika tangazo Nostra aetate kwamba Mungu hajuti juu ya zawadi zake, na kwamba Wayuda wangali wapendwa wake kwa ajili ya mababa zao. Tena likalaumu chuki zote walizotendewa, wakati wowote na mtu yeyote. Klemperer hakurudi kwa sanamu. Alirudi kwa watu wa Abrahamu, ambao ndugu zao milioni sita waliuawa katika nchi za wabatizwa. Sababu zake alizijua yeye na Mungu wake. Mwandishi huyu anaona kwamba padri anayemtaja darasani ili kuonyesha kwamba Wayuda hawaongoki kweli anarudia, kwa sauti ndogo, lile neno la mwaka 1933 juu ya damu.

Tena iko kazi aliyoiacha mwaka uleule. Katika majira ya vuli ya mwaka 1967 aliingia katika studio huko London pamoja na waimbaji na orkestra, wakaandika katika sahani Misa kubwa ya Bach katika si minor, yote, tangu Kyrie hata Dona nobis pacem. Miaka miwili mbele alikwisha kuandika Missa solemnis ya Beethoven. Seminari yenye mashini ya kusikiliza ifanye bidii kuzipata. Mwendo wake ni wa polepole, vijana watanung’unika kwanza. Lakini katika Credo kila sauti inasikika, na maneno ya kilatini yanaeleweka kama mtu anayesoma polepole kwa vidole juu ya mistari.

Alikufa tarehe 6 mwezi wa saba mwaka 1973 Zürich, katika Uswisi, akazikwa katika makaburi ya Wayuda ya Friesenberg. Nyumba ya Kroll ilipigwa na mabomu wakati wa vita, na mabaki yake yalibomolewa mwaka 1951. Mahali pake, mbele ya bunge la leo, pameota majani.